SAHIHI NA USAHIHI: Historia Fupi ya Nakala za Kughushi za Programu za Kompyuta na Kinga ya Mnunuzi

1. Utangulizi

Neno "sahihi" lina matumizi mawili katika Kiswahili. Likiwa kivumishi, hutaja jambo lililo kweli, lisilo na kosa. Likiwa nomino, hutaja alama ya mkono ambayo mtu huitia chini ya barua au mkataba ili ijulikane kwamba maneno yaliyomo ni yake na kwamba hakuna aliyeyageuza. Kifaransa, lugha ya ofisi zetu hapa Kongo, huyataja mambo hayo kwa maneno mawili yasiyo na undugu. Kiswahili kimeyaweka chini ya paa moja, kana kwamba kilichotiwa sahihi kinapaswa pia kuwa sahihi.

Je, ndivyo ilivyo? Swali hili si la watunga kamusi peke yao. Linamkabili kila mwanafunzi anayeandika tasnifu yake kwa kompyuta, kila mwalimu anayetafuta programu ya kuchanganua takwimu, na kila katibu wa idara anayetumwa kununua programu kwa njia ya intaneti. Mnunuzi wa kitambaa hukishika kwa vidole, na mnunuzi wa samaki humtazama macho na kumnusa. Mnunuzi wa programu hupewa kitu kisichoshikika wala kunusika, ambacho hakitajulikana tabia yake mpaka kimekwisha kuingizwa ndani ya nyumba. Ndiye yule ambaye watu husema kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kufuata mfululizo wa miaka, jinsi nakala za kughushi za programu zilivyoanza, na jinsi njia za kuzitambua zilivyobadilika. Tutaonyesha kwamba swali la uhalali wa nakala lilianza likiwa swali la muuzaji aliyehofia mapato yake, likageuka polepole kuwa swali la mnunuzi anayehofia usalama wake. Tutaonyesha pia kwamba mihuri mingi iliyobuniwa ilimlinda wa kwanza kuliko wa pili.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Kuna nakala isiyo na idhini, yaani programu ileile ya mtunzi ambayo imenakiliwa bila ruhusa yake. Kuna pia nakala ya kughushi, yaani kitu kinachodai kuwa programu ya mtunzi fulani ilhali sivyo, au kimeongezwa jambo ambalo mtunzi hakuliweka. Ya kwanza humdhuru mtunzi. Ya pili humdhuru pia anayeitumia. Historia yetu ni ya njia iliyotoka katika ya kwanza kuelekea katika ya pili.

2. Programu inapokuwa bidhaa (1969–1976)

Katika miaka ya mwanzo ya kompyuta, programu haikuwa na bei yake. Kampuni iliyouza au kukodisha mashine ilitoa na programu zake pamoja, kama vile muuza jembe atoavyo na mpini. Mambo yalianza kubadilika tarehe 23 Juni 1969, kampuni ya IBM ilipotangaza nchini Marekani kwamba itatenga bei ya baadhi ya programu na huduma zake na bei ya mashine. Tangu hapo wazo la kwamba maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine yanaweza kuwa bidhaa kamili lilipata nguvu katika biashara. Na kitu chochote kikishakuwa na bei, hapakosi mtu wa kukitafuta kwa njia nyingine.

Mwaka 1975 kampuni ndogo ya MITS, iliyokuwa na makao yake katika mji wa Albuquerque, iliuza kompyuta iitwayo Altair 8800 kwa watu wa kawaida waliopenda ufundi. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliitungia mashine hiyo tafsiri ya lugha ya BASIC, nayo ikahifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa vitundu. Mwaka huohuo, katika maonyesho yaliyofanyika Palo Alto, California, utepe mmoja ulichukuliwa, ukanakiliwa, na nakala zake zikagawiwa bure katika mkutano wa chama cha wapenzi wa kompyuta. Husimuliwa kwamba waliochukua walipewa sharti moja tu: kila achukuaye utepe mmoja arudi na miwili.

Tarehe 3 Februari 1976 Gates aliandika barua ya wazi kwa wapenzi hao. Alilalamika kwamba wenye Altair walioinunua BASIC hawakufikia sehemu moja katika kumi, na kwamba malipo waliyopata watunzi, yakigawanywa kwa saa za kazi, hayakufikia dola 2 kwa saa. Barua hiyo iliwaudhi wengi, lakini inatufaa hapa kwa sababu moja. Katika malalamiko hayo yote, hapana mahali ambapo mnunuzi anaonywa kwamba nakala ya utepe itamharibia mashine yake. Nayo haikuweza kumharibia: nakala ilikuwa ileile, kitundu kwa kitundu. Aliyedhurika alikuwa mtunzi peke yake.

3. Programu kama kazi ya fasihi (1980–1997)

Watunzi walikimbilia sheria. Swali lililowatatiza wanasheria linaweza kuwavutia wanafunzi wa fasihi: je, programu ni kifaa kama jembe, au ni maandishi kama shairi? Marekani ilijibu kwa sheria ya Desemba 1980, iliyozitaja programu za kompyuta waziwazi ndani ya haki za watunzi. Sheria hiyo ilitiwa katika mizani na kesi ya kampuni ya Apple dhidi ya kampuni ya Franklin, iliyokuwa ikiuza kompyuta zilizofanana na za Apple II zikiwa na programu zilezile ndani yake.

Katika kesi hiyo palitokea ushahidi ambao mwanafilolojia yeyote angeufurahia. Ndani ya programu za Franklin lilikutwa jina la mtunzi mmoja aliyefanya kazi Apple, pamoja na neno "Applesoft". Mnakili alikuwa amenakili hata sahihi ya mwenyewe. Ni jambo tunalolijua katika kuhakiki miswada ya kale: kosa au jina lililohamia kutoka mswada mmoja hadi mwingine hudhihirisha nasaba ya nakala. Mahakama ya rufani iliamua mnamo Agosti 1983 kwamba programu inaweza kulindwa kama maandishi hata kama imeandikwa kwa namna isomwayo na mashine tu.

Wazo hilo lilienea duniani kwa mkataba wa TRIPS, uliotiwa sahihi Marrakesh mwezi Aprili 1994 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1995. Kifungu chake cha 10 chaagiza kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za fasihi. Nchi yetu, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ilikuwa tayari na sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, nayo iliingia katika Shirika la Biashara la Dunia tarehe 1 Januari 1997. Ni kweli kwamba nchi zilizo nyuma kimaendeleo, yetu ikiwamo, zimeongezewa muda wa kuutekeleza mkataba huo hadi mwaka 2034. Hata hivyo mwelekeo wa sheria ni wazi: mwenye kuitunga programu anahesabiwa pamoja na mwenye kuitunga riwaya.

Yafaa tuone, hata hivyo, kwamba sheria hizo zote zinaitazama nakala kwa jicho la mtunzi. Zinasema ni nani ameibiwa. Hazimwambii mnunuzi, aliyeketi mbele ya mashine yake, kilichomo ndani ya gunia.

4. Disketi inayodhuru (1986–1989)

Mwaka 1986 mambo yaligeuka. Katika mji wa Lahore, Pakistani, ndugu wawili waliokuwa na duka la kompyuta, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga programu ndogo iliyojificha katika sehemu ya kwanza ya disketi na kujinakili yenyewe kwenye disketi nyingine. Ilikuja kuitwa Brain, nayo huhesabiwa kuwa virusi vya kwanza vilivyoenea duniani kwa kompyuta za aina ya IBM PC. Wenyewe walieleza kwamba walitaka kuwakamata walionakili programu yao bila ruhusa. La ajabu ni kwamba ndani ya virusi hivyo waliandika majina yao, anwani ya duka lao na namba za simu, pamoja na wito kwa mwathirika awasiliane nao ili apate dawa. Kwa mara nyingine tunakutana na sahihi, lakini sasa imetiwa chini ya kitu kiletacho madhara.

Kwa Brain, nakala ya programu iliacha kuwa ileile. Mtu aliyepewa disketi na rafiki yake hakuweza tena kujua kama amepewa programu peke yake au programu pamoja na mgeni aliyejificha ndani yake. Ule utepe wa Altair ulikuwa umeishia enzi zake.

Tukio la pili lilikuwa zito zaidi. Mwezi Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta katika nchi mbalimbali, zikiwamo kwa watu waliokuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Zilidai kuwa na programu ya kumpimia msomaji hatari yake ya kuambukizwa ugonjwa huo. Baada ya kompyuta kuwashwa mara kadhaa, programu hiyo iliyaficha majina ya mafaili na kudai malipo ya dola 189, yatumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Karatasi ya leseni iliyoambatana na disketi ilikuwa imeonya, kwa maandishi madogo, kwamba asiyelipa atapatwa na mabaya. Ndiyo programu ya kwanza inayojulikana ya kudai fidia, mzazi wa zile zinazozisumbua hospitali na ofisi hata leo.

Yatupasa tuitafakari disketi hiyo. Haikuwa nakala iliyoibwa. Ilikuja ndani ya bahasha safi, yenye nembo na maelezo na leseni. Ilikuwa na kila dalili ya uhalali isipokuwa uhalali wenyewe. Waliodhurika hawakuwa watu waliokwepa kulipa, bali waganga na watafiti waliodhani wamepewa kifaa cha kazi.

5. Muhuri juu ya sanduku

Katika miaka ya 1990 programu ziliuzwa hasa katika masanduku, kwanza kwa disketi, kisha kwa diski za CD. Wauzaji walijaribu kuzuia nakala kwa kufuli za kila namna: disketi zenye sehemu zilizoharibiwa makusudi ili zisinakilike, vifaa vidogo vya kuchomekwa nyuma ya kompyuta, maswali ambayo majibu yake yalipatikana katika kitabu cha maelezo tu. Kufuli hizo ziliwachosha zaidi walionunua kwa haki, kwani mwizi alizivunja mara moja na kuzisahau.

Hapo ikaja hologramu, ile picha ing'aayo inayobadilika kwa kuinamishwa, ikabandikwa kwenye cheti cha uhalali na kwenye diski yenyewe. Ikaja pia namba ndefu ya kuingiza wakati wa kuisimika programu. Tarehe 25 Oktoba 2001 kampuni ya Microsoft ilipoanza kuuza Windows XP, iliongeza jambo jipya kwa wanunuzi wa kawaida: ufunguo wa herufi na tarakimu 25 uliunganishwa na mashine moja na kuandikishwa kwa kampuni kwa simu au kwa intaneti. Lakini funguo zilizotolewa kwa mashirika makubwa hazikuhitaji uandikishaji huo, na mmoja wao ulivuja na kusambaa duniani hata kabla programu haijafika madukani. Mwaka 2002 kampuni iliwanyima sasisho lake kubwa waliokuwa wakiutumia ufunguo huo.

Kasoro ya mihuri hiyo yote ni moja. Hologramu humwambia mnunuzi kwamba sanduku limetoka kiwandani. Haimwambii chochote juu ya maandishi yaliyomo katika diski. Wenye viwanda vya kughushi walijifunza kuiga sanduku, cheti na hata mng'aro wake. Ufunguo nao humwambia mwenye kampuni kwamba mtu amelipa. Haumwambii mtu aliyelipa kwamba programu aliyoipata haikuguswa. Anayenunua leo ufunguo peke yake, kwa bei ya kutupa, kutoka kwa mtu asiyemjua, huenda amenunua ufunguo wa shirika au wa chuo ambao umeuzwa kwa watu mia. Siku mwenye kampuni atakapoufuta, muuzaji hatapatikana.

Kulikuwa na madhara mengine yasiyoonekana upesi. Wengi waliotumia nakala zisizo na idhini waliyazima masasisho wakiogopa kugunduliwa. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu ya kudai fidia iitwayo WannaCry ilipitia katika ufa ule ule na kuzikumba kompyuta katika nchi nyingi. Mashine ambazo hazikuwa zimepata sasisho, kwa sababu yoyote ile, zilikuwa wazi mbele yake.

6. Sahihi ndani ya programu yenyewe

Wakati masanduku yakibandikwa hologramu, suluhisho lenye msingi imara zaidi lilikuwa limekwisha kupatikana na wanahisabati. Mwaka 1976, mwaka uleule wa barua ya Gates, Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha makala iliyopendekeza jozi ya funguo: mmoja wa siri, unaobaki kwa mwenyewe, na mmoja wa wazi, ambao anaweza kuugawa kwa watu wote. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kulitekeleza wazo hilo, inayoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Kinachotiwa sahihi kwa ufunguo wa siri huweza kuthibitishwa na mtu yeyote mwenye ufunguo wa wazi, lakini hakuna awezaye kuiiga sahihi hiyo bila kuupata ule wa siri.

Sahihi hiyo hutiwa juu ya muhtasari wa kihisabati wa programu. Kwa njia iitwayo SHA-256, faili lolote, liwe fupi kama barua au refu kama maktaba, hupewa muhtasari wa tarakimu na herufi 64. Ikibadilishwa nukta moja katika faili, muhtasari wote hubadilika. Ni kama kwamba karani amehesabu kila herufi ya mswada na mahali pake, kisha akaandika jumla yake chini na kutia mkono wake. Hapa ndipo maana mbili za neno letu zilipokaribiana kuliko wakati wowote: sahihi ya mtunzi inathibitisha usahihi wa nakala, si wa sanduku lake.

Ujuzi huo ulifika kwa watu polepole. Mwaka 1991 Phil Zimmermann aliitoa bure programu ya PGP, iliyowawezesha watu wa kawaida kutia sahihi za namna hiyo. Mwezi Agosti 1994 duka moja la intaneti nchini Marekani liliuza diski ya muziki wa Sting kwa malipo ya kadi yaliyolindwa kwa maandishi ya siri; wengi huihesabu kuwa miongoni mwa biashara salama za kwanza za intaneti. Mwaka 1996 Microsoft ilianzisha utaratibu wa kutia sahihi programu zinazopakuliwa. Mwaka 2008 yalifunguliwa maduka ya programu za simu ya Apple na ya Google, ambamo hakuna programu inayokubaliwa bila sahihi ya mtunzi wake. Leo simu ya mwanafunzi hukagua sahihi nyingi kwa siku moja bila yeye kujua.

7. Sahihi bila usahihi

Je, basi swali letu limekwisha? Matukio matatu yanatuonya tusiharakishe kusema ndiyo.

La kwanza ni la Septemba 2015. Watunzi wengi wa programu za simu nchini China waliona kwamba kupakua chombo chao cha kazi, Xcode, kutoka kwa Apple yenyewe kunachukua muda mrefu mno. Wakakipakua kutoka katika ghala la mafaili la ndani ya nchi, ambako mtu asiyejulikana alikuwa ameweka nakala iliyotiwa sumu. Kompyuta zao zilikuwa na kinga ya kukagua sahihi, lakini ili nakala ile ifanye kazi ilibidi kinga izimwe. Kila programu waliyoitunga kwa chombo hicho ikabeba sumu bila wao kujua, na kuingia nayo katika duka rasmi la Apple. Hata toleo moja la WeChat liliathirika.

La pili ni la tarehe 20 Februari 2016. Wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha kupakulia kwenye nakala yao iliyotobolewa mlango wa nyuma. Aliyefika siku ile alikuwa mahali halali kabisa. Ni funzo kwamba muhtasari ulioandikwa kwenye ukurasa uleule wa kupakulia hautoshi, kwani awezaye kubadili kiungo aweza pia kubadili muhtasari. Kinachobaki ni sahihi iliyotiwa kwa ufunguo ambao mvamizi hana.

La tatu linauma zaidi. Tarehe 15 Agosti 2017 lilitoka toleo jipya la programu ya kusafishia kompyuta iitwayo CCleaner. Lilitoka kwa watengenezaji wenyewe, likiwa na sahihi yao ya kweli. Lakini wavamizi walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya karakana ya watengenezaji na kutia sumu kabla ya sahihi kuwekwa. Mpaka lilipogunduliwa mwezi Septemba, lilikuwa limefika katika kompyuta zaidi ya milioni 2. Karani alitia mkono wake, na mkono ulikuwa wake. Mswada ndio uliokuwa umechafuliwa.

Jambo hilo lilikuwa limetabiriwa. Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa Unix, alionyesha katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1984 kwamba hata chombo kinachoitafsiri programu kwa lugha ya mashine kinaweza kutiwa hila isiyoonekana katika maandishi yake. Fundisho lake ni kwamba mwisho wa kila ukaguzi tunawaamini watu. Sahihi humtaja mtu wa kuulizwa. Haimgeuzi kuwa mwaminifu wala mwangalifu.

8. Hali yetu Kongo

Sababu iliyowaponza watunzi wa China tunaijua vizuri. Intaneti yetu ni ghali na mara nyingi huenda polepole, basi mwanafunzi huona afadhali achukue programu katika flashi ya mwenzake kuliko kuipakua kwa saa nzima na kumaliza fedha zake. Flashi hiyo imepita katika mashine kumi kabla ya kufika kwake. Tena wengi hawana kadi ya benki, na fedha zao zimo katika simu, kwa huduma kama M-Pesa, iliyoanza nchini mwetu mwaka 2012. Kwa kuwa maduka mengi ya programu ya ng'ambo hudai kadi, mnunuzi humtafuta mtu wa kati. Na mtu wa kati asiye mwaminifu huuza kile ambacho kimefunguliwa kwa "ufa", yaani programu ndogo ya kuvunjia kufuli. Maelekezo yake huanza kwa sentensi ambayo historia yote tuliyoieleza inatutaka tuiogope: zima kwanza kinga ya virusi.

Wako wasemao kwamba maskini hana uchaguzi. Hoja hiyo ina uzito, maana bei zilipangwa kwa mifuko ya watu wengine. Lakini siyo kweli kwamba hakuna njia ya tatu kati ya kulipa bei kubwa na kuchukua nakala ya kughushi. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzisoma, kuzinakili na kuzigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds akatoa Linux. Leo mwandishi ana LibreOffice, na mtafiti wa takwimu ana R, bila kulipa na bila kuiba. Kiswahili chenyewe kimeguswa na historia hiyo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Katika programu za namna hiyo kunakili ni haki, na kumpa mwenzako ni wema, kama wale wa Palo Alto walivyotaka iwe.

Hata hivyo programu za bure nazo hughushiwa. Mnamo mwaka 2022 na 2023 wadanganyifu walilipia matangazo katika mashine za kutafutia, ili anayetafuta programu za bure zinazojulikana sana aone kwanza tovuti yao bandia, iliyofanana na ya kweli isipokuwa herufi moja katika anwani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Programu ya bure haina haja ya kumlipa mtu ili itafutwe; ile inayojitangulizа mbele ya macho yetu kwa fedha yafaa iulizwe inatafuta nini.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu ilipata Kanuni ya Mambo ya Kidijitali kwa amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 13 Machi 2023. Ni hatua. Lakini sheria humfikia mdanganyifu baada ya tasnifu kupotea, na mara nyingi yeye yuko nchi nyingine. Kinga ya kwanza imebaki mikononi mwa mnunuzi.

9. Hitimisho

Tukiyakusanya tuliyoyaona, kila hatua ya historia hii inamwachia mnunuzi swali moja la kujiuliza. Disketi ya mwaka 1989 inamfundisha kuuliza ni nani aliyeniletea, na kama nilimwomba. Hologramu inamfundisha kuuliza kama muhuri uko juu ya programu au juu ya sanduku tu. Ufunguo uliovuja unamfundisha kuuliza kwa nini bei ni ndogo hivi, na kudai hati ya malipo yenye jina la muuzaji anayeweza kurudiwa. Xcode inamfundisha kuchukua programu kwa mtunzi wake, hata kama njia ni ndefu, na kutozima kinga kwa amri ya mgeni. Linux Mint inamfundisha kukagua sahihi na kutotosheka na muhtasari peke yake. CCleaner inamfundisha kwamba, baada ya hayo yote, kazi yake ihifadhiwe mahali pawili, kwa kuwa hata mwaminifu aweza kuvamiwa.

Ama kuhusu vyuo vyetu, mzigo huu usiachwe juu ya kichwa cha mwanafunzi mmojammoja. Maktaba inayokagua uhalali wa mswada kabla ya kuuweka kwenye rafu inaweza pia kupakua programu zinazohitajika mara moja, kuzikagua sahihi zake, na kuzigawa kwa wanafunzi kwa flashi za maktaba yenyewe. Saa moja ya intaneti ingewatosha mamia, na flashi ingetoka katika mikono inayojulikana.

Turudi kwenye neno tulilolianzia. Kiswahili kimeziweka pamoja alama ya mkono na ukweli wa jambo, na wanahisabati wakazisogeza karibu kuliko karani yeyote wa zamani. Hazijawa kitu kimoja. Sahihi inatuambia ni nani alisema. Kama alichosema ni sahihi, hilo tunabaki nalo sisi wasomaji, kama tulivyobaki nalo siku zote mbele ya maandishi ya kila namna.